Maswali ya Wasomaji: Wazimamoto wa kujitolea walianzaje, na mtaa wa nyumba za mbao unaweza kuwa nao?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni seremala, naishi Nyamugo, katika komini ya Kadutu, hapa Bukavu. Kiangazi kilichopita moto ulianzia katika nyumba moja ya mbao karibu na kwetu, na kabla watu hawajajua la kufanya ulikuwa umekwisha kuruka kwa majirani. Gari la kuzima moto lilifika, lakini likaishia barabara kubwa, kwa sababu vichochoro vyetu havitoshi hata pikipiki mbili kupishana. Shemeji yangu anayeishi Ubelgiji ananiambia kwamba katika mji wao mdogo wazimamoto si waajiriwa: mmoja anaoka mikate, mwingine ni mwalimu, mwingine ni fundi wa magari, na wakiitwa wanaacha kazi zao na kwenda. Vijana wa avenyu yetu wanataka kuunda kikundi cha namna hiyo, lakini wazee wanasema tungoje kwanza mpaka tupate gari. Je, hao wa ng'ambo walianzaje? Nani anawalipa? Na kikundi kisicho na gari kina faida gani? – Msomaji wa Kadutu

JIBU: Ndugu msomaji, shemeji yako amekuambia kweli. Ubelgiji wazimamoto walio wengi ni watu wenye kazi nyingine. Ufaransa ni karibu wanne kati ya kila watano. Ujerumani wanaojitolea ni takriban milioni moja. Hao tunaowaona kwenye picha, wenye kofia zinazong'aa na magari marefu mekundu, mara nyingi ni wa miji mikubwa. Paris, kwa mfano, ina kikosi cha kijeshi tangu Septemba 1811, ambacho Napoleon alikiunda baada ya moto kuua watu kwenye dansi ya balozi wa Austria mwezi Julai mwaka uliotangulia. Nadhani wazee wenu wana picha kama hiyo kichwani: askari, kambi, gari, amri kutoka juu. Ni picha ya kweli, ila historia ya wazimamoto wa kujitolea haikuanzia hapo, na gari halikuwa la kwanza kufika.

Mwanzo unaowafaa ninyi uko Philadelphia, wakati Marekani ilipokuwa bado koloni la Uingereza. Mwaka 1735 Benjamin Franklin, mpiga chapa na mwenye gazeti, alitoa katika gazeti lake barua juu ya moto, bila kuweka jina lake. Hakuanza na mashine, alianza na makaa. Aliwasihi wenzake wasibebe makaa yanayowaka kwenye beleshi wazi kutoka chumba hadi chumba, au kupanda na kushuka nayo ngazini, kwa sababu kipande kikidondoka katika ufa wa sakafu hakionekani mpaka usiku wa manane, ngazi ikiwa imekwisha kushika moto. Mama yeyote wa Kadutu ambaye amewahi kuchukua kaa kwa jirani ili awashie mbabula yake anaielewa barua hiyo bila kufafanuliwa.

Tarehe 7 Desemba 1736 Franklin na majirani zake walitia sahihi mkataba wa kikundi chao, na mkataba huo ndio ningependa vijana wenu wausome kabla ya kuota gari lolote. Kila mwanachama alijipatia kwa fedha yake ndoo mbili za ngozi na mifuko minne mikubwa ya kitani yenye kamba mdomoni, na kila kitu kikaandikwa herufi za jina lake. Ndoo hizo hazikuruhusiwa kufuliwa nguo wala kuchotewa maji ya nyumbani. Zilingoja moto tu, na ambaye yake haikuonekana alitozwa faini ya shilingi tano. Mifuko ilikuwa ya kuokolea mali, kwa sababu katika nyumba za zama hizo mara nyingi nyumba yenyewe ilikuwa haiokoleki, bali vitanda, nguo na vyombo viliokoleka. Mkataba ukaagiza pia kwamba mmoja au wawili wasimame mlangoni kulinda vitu vinavyotolewa, kwa maana wezi nao hukimbilia moto, jambo ambalo sidhani kama linahitaji maelezo kwa mtu wa Bukavu. Na moto ukitokea usiku, wanachama walipaswa kuhakikisha taa zinawekwa madirishani ili wanaokimbia na ndoo waone njia.

Wanachama walifika thelathini, wakafunga mlango. Waliokuja baadaye wakiomba kuingia waliambiwa waunde kikundi chao wenyewe, na kwa njia hiyo mji ukajaa vikundi, kila kimoja kikiwa kidogo kiasi kwamba wenyewe wanafahamiana kwa sura. Walikutana kila mwezi, wakala pamoja na kuzungumza habari za moto. Asiyehudhuria alilipa faini, na hapa ndipo penye jibu la wazee wenu: ngazi, kulabu na mashine za kusukumia maji zilinunuliwa kwa faini hizo. Mashine ilikuja kwa sababu kikundi kilikuwapo, kinakutana na kina sanduku. Mimi naona mlo wa kila mwezi ndio uliokuwa werevu mkubwa kuliko yote, maana kikundi cha moto hakifi siku ya moto. Hufa katika miezi ambayo hakuna kinachoungua. Hapa kwetu hufa mvua za Septemba zinapoanza.

Wewe ni seremala, kwa hiyo habari ya Edo, mji ambao leo tunauita Tokyo, itakupendeza zaidi. Ulikuwa mji wa mbao na karatasi, na mwaka 1657 moto uliuteketeza sehemu kubwa. Mnamo mwaka 1720 watawala wakaupanga upya mji wa watu wa kawaida katika vikundi vya kuzima moto, gharama zikibebwa na mitaa yenyewe. Mashine za maji za wakati huo zilikuwa dhaifu, hata hazikutegemewa. Waliotegemewa ni mafundi wa ujenzi, wale waliozoea kupanda juu ya mapaa na kufunga majukwaa ya mbao, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa kubomoa: walitazama upepo unavuma kuelekea wapi, wakaziangusha nyumba zilizokuwa mbele ya moto kabla haujafika, ili ukute mahali patupu. Anayejua mbao imepigiliwa wapi ndiye anayeiondoa upesi. Katika vichochoro vyenu, maseremala watano wenye mitaimbo, shoka na kulabu ndefu, wanaojua kung'oa ukuta wa mbao na mabati mawili matatu, wana thamani kuliko vijana hamsini wenye vikombe vya maji. Tatizo lake ni kwamba hakuna mtu anayekubali nyumba yake ivunjwe wakati bado haijaungua. Ndiyo maana jambo hilo sharti lizungumzwe na kuandikwa mapema, mbele ya shefu wa avenyu: nani ana haki ya kuamuru nyumba ibomolewe, na mtaa utamsaidiaje mwenyewe kujenga tena.

Mji unaofanana na Bukavu kuliko yote niliyotaja uko Chile, nao ni Valparaíso. Maji yako chini, watu wako juu, na nyumba za mbao na mabati zimebebana mlimani. Baada ya moto mkubwa wa Desemba 1850, wakazi waliunda kikosi chao cha kujitolea tarehe 30 Juni 1851. Wahamiaji wa mataifa mbalimbali wakawa na kampuni zao ndani ya kikosi hicho, kila moja ikishindana na nyingine kwa usafi wa vifaa vyake. Mji mkuu, Santiago, ulichelewa, na ukalipa: tarehe 8 Desemba 1863 kanisa lililojaa waumini, wengi wao wanawake, liliungua jioni na kuua watu zaidi ya elfu mbili. Siku chache baadaye mkazi mmoja alitangaza gazetini kwamba wanaotaka kuunda kikosi cha wazimamoto wakutane, na kabla mwezi haujaisha kikosi kilikuwa kimezaliwa. Mpaka leo wazimamoto wa Chile hawalipwi mshahara. Zaidi ya hayo, wanachama hulipa ada kwa kikundi chao wenyewe.

Nisikufiche upande wa pili. Aprili 2014 moto uliingia katika vilima vya Valparaíso ukala nyumba zaidi ya elfu mbili na kuua watu kumi na watano, ingawa mji ulikuwa na wazimamoto wenye uzoefu wa zaidi ya miaka mia na sitini. Upepo ulikuwa mkali, njia zilikuwa nyembamba, maji yalikuwa machache huko juu, na makorongo yaliyo katikati ya vilima yalikuwa yamejaa takataka na vichaka vikavu, moto ukapita humo kutoka kilima hadi kilima. Ukisimama Kadutu ukaangalia mitaro na makorongo yetu mwezi wa saba, utaona kwa nini nimeitaja habari hiyo.

Sasa kuhusu kazi yenu. Ziwa Kivu tunaliona kila asubuhi, lakini bido moja ya lita ishirini ina uzito wa kilo ishirini, na hakuna kijana atakayepanda nayo mlima mara kumi huku nyumba ikiungua. Maji ya kuzimia ni yale yaliyokwisha kuwa juu kabla ya moto: pipa chini ya kila paa lenye mfereji wa mabati, likijazwa wakati wa mvua na kulindwa wakati wa kiangazi kama Franklin alivyolinda ndoo zake, yaani lisiguswe kwa kufua wala kupikia. Jambo hilo la mwisho ndilo litakalowapa ugomvi, maana mwezi wa nane maji yakiwa haba, pipa lililojaa ni kishawishi, na hapo faini ndipo inapokuwa na kazi. Kumbukeni pia kwamba moto hupanda mlima upesi zaidi kuliko unavyoshuka, kwa sababu ndimi zake na hewa yake ya joto huzikausha na kuzichoma nyumba za juu kabla hazijaguswa. Upepo usipogeuza mambo, mapipa yenu na maseremala wenu wawe upande wa juu wa nyumba inayoungua, huku wengine wakitoa watu upande wa chini.

Maji ya ndoo yanahitaji mistari miwili. Katika miji ya kale ya Marekani mstari mmoja ulipitisha ndoo zilizojaa kuelekea motoni na mwingine ukarudisha tupu, mara nyingi wanawake na watoto wakiwa katika huo wa pili. Mtu hahami mahali pake. Ndoo ndiyo inayotembea. Fanyeni mazoezi siku ya salongo, yaani kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa, wakati watu wamekwisha kutoka nje na mapanga na makoleo yako mikononi, na siku hiyo hiyo safisheni mitaro na muondoe vibanda vinavyoziba njia ya kukimbilia. Kuhusu fedha, avenyu inayoweza kuendesha likelemba, yaani mchango wa kupeana fedha kwa zamu, bila mtu kutoroka na zamu yake inaweza kuendesha sanduku la moto.

Umeuliza nani huwalipa wale wa ng'ambo. Kwa kawaida serikali ya mtaa hununua magari na vifaa, na wanaojitolea hutoa muda wao. Ufaransa na Ubelgiji hupewa posho ya saa walizofanya kazi, kwa hiyo kujitolea kwao si bure kabisa. Vikundi vya vijiji vya Marekani hufanya karamu, bahati nasibu na michango. Wafaransa huzunguka mlango kwa mlango mwishoni mwa mwaka wakiuza kalenda, na ni watu wachache wanaowanyima.

Neno moja la mwisho kwako: msijitenge na zimamoto ya mji. Andikisheni kikundi kwenye komini, mkutane na wakuu wa wazimamoto kabla ya kiangazi, mkubaliane kwamba wao wakifika ndio wanaoamuru. Gari halitaingia Nyamugo, lakini mipira yake ya maji inaweza kuingia ikiwa kuna vijana kumi waliofundishwa kuikunjua, kuiunganisha na kuibeba kupitia vichochoro wanavyovijua hata gizani. Kikundi kisicho na gari kinaweza kuyafikisha maji ya gari la wengine mahali ambapo magurudumu hayafiki.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa Bagira. Nimesikia kwamba zamani wazimamoto wa kujitolea wa Marekani walikuwa wakipigana wao kwa wao mbele ya nyumba inayoungua. Je, ni kweli, au ni hadithi? – Mwanafunzi

JIBU: Ni kweli, ingawa hadithi nazo zimeongezwa. Katika miji iliyokua haraka, vikundi viligeuka kuwa vyama vya vijana wenye majigambo, vingine vikiegemea siasa. Palipokuwa na zawadi kwa kikundi cha kwanza kumwaga maji, waligombania mahali pa kuteka maji hata ngumi zikatembea na moto ukaendelea na kazi yake. Wakazi wa Cincinnati walichoka, na tarehe 1 Aprili 1853 mji ukaanza kulipa wazimamoto wake mshahara, ukitumia mashine mpya ya mvuke. Mashine ya kusukuma kwa mikono ilihitaji mikono mingi inayopokezana; ya mvuke iliendeshwa na watu wachache, hivyo mji haukuwa tena na haja ya kuyabembeleza makundi. New York ikafuata mwaka 1865. Vijiji havikufuata, kwa hesabu rahisi: mahali ambapo moto hutokea mara chache kwa mwaka, nani atalipa watu mshahara wa kungoja?

Kwa hiyo ikiwa wewe nawe una kikundi Bagira, mapendekezo yangu ni kwamba asilipwe mtu kwa kuwa wa kwanza kufika, na kikundi kisivae rangi za mwanasiasa yeyote, hata akileta sare za bure.

SWALI: Mhariri, salamu kutoka Panzi. Mwanangu ana miaka kumi na mitano na amejiunga na vijana wanaotaka kuzima moto. Jirani yetu ni kadhafi, anauza mafuta ya magari kwenye chupa na bido kando ya barabara. Ninaogopa. Je, maji yanazima kila moto? Na mtoto wa umri huo anafaa kupelekwa motoni? – Mama wa Panzi

JIBU: Mama, unaogopa kwa haki. Maji hayazimi kila moto, na mara nyingine huukuza. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo ukiimwagia inaelea juu yake, ikiwaka, na katika mlima wetu itateremka pamoja na maji hayo hadi kwenye mlango wa nyumba ya chini. Moto mdogo wa petroli hufunikwa kwa mchanga au udongo mkavu. Ukiwa mkubwa, kazi ni kuondoa watu, si kupigana. Hatari nyingine haionekani: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kukaa mitaroni, na unaweza kukutana na mbabula iliyo mbali na chupa yenyewe. Mwombe jirani yako, kwa upole na mbele ya shefu wa avenyu, ahamishe bido zake mbali na majiko na mbali na mtaro unaopita nyumbani kwako.

Watu wa Kivu ya Kusini wanayo kumbukumbu yao. Tarehe 2 Julai 2010 gari kubwa la mafuta lilipinduka Sange, kwenye barabara ya Uvira. Mafuta yakamwagika, watu wakasogea, wengine wakachota, na wengine walikuwa karibu wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Lilipowaka, zaidi ya watu mia mbili na thelathini walikufa. Hapakuwa na kikundi chochote duniani, cha mshahara wala cha kujitolea, ambacho kingeuzima moto ule katika dakika zile. Kilichoweza kuokoa ni mtu wa kuwazuia watu wasisogee.

Jikoni mambo ni hayo hayo kwa udogo. Karai la mafuta likishika moto, lifunikwe kwa mfuniko, moto wa chini uondolewe, na lisisogezwe mpaka lipoe. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huwa kama lita elfu moja na mia saba, na ikifanya hivyo ndani ya mafuta ya moto huyarusha mpaka darini. Nyaya za umeme zikiwaka, ukatwe umeme kwanza, kisha ndipo maji yafikiriwe. Na katika chumba chenye moshi mtu asisimame wima: hewa inayofaa iko chini, karibu na sakafu, naye atoke akitambaa.

Kuhusu mwanao, usimkataze kujiunga, lakini asiingie motoni. Ufaransa na Ujerumani wana vikundi vya vijana wa umri wake, na wengine wadogo kuliko yeye, wanaojifunza kufunga mafundo, kuunganisha mipira ya maji na kutoa huduma ya kwanza. Hawapelekwi kuzima nyumba mpaka wakue na wafaulu mafunzo. Mtaani kwenu kazi ya mtoto wa miaka kumi na mitano iko wazi. Ajue ni nyumba gani ina mzee asiyeweza kutembea na ni ipi ina watoto wanaofungiwa ndani mama akienda sokoni, awe na filimbi shingoni, na filimbi ikishalia awaambie wakubwa habari hiyo kwanza, kisha ateremke mbio mpaka barabara kubwa akalingoje gari na kuwaonyesha wazimamoto kichochoro cha kupitishia mpira.